Laini mbili simu moja: ya pili inakula salio bila mimi kuigusa

#1 MamaVitenge_Mwanza

Wakuu, habari za jioni.

Nauza vitenge hapa Mwanza na simu yangu ina laini mbili. Ya kwanza ni ya wateja, imechapwa kwenye mifuko ya duka, siwezi kuibadili. Ya pili ni ya nyumbani: mama yuko Sengerema, wadogo zangu, na wenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Bando la data najiunga kwenye laini ya wateja tu. Hii ya pili naiwekea vocha ya kawaida, buku mbili buku tatu, nipige nikihitaji.

Mwezi huu nimeamua kuandika. Nimefungua ukurasa wa nyuma wa daftari la mauzo, kila shilingi inayoingia kwenye simu naiandika. Jumapili saa mbili usiku niliweka 2,000 laini ya pili. Sikupiga, sikutuma meseji. Jumatatu asubuhi iko 1,612. Jumanne 1,430. Alhamisi nampigia mama naambiwa salio halitoshi. Siku hiyo mama alikuwa na homa, nilitaka kumuuliza kama amekunywa dawa, nikaanza kuhangaika kutafuta vocha saa nne usiku, maduka yamefungwa.

Jumla ya mwezi: laini ya wateja 31,500, laini ya nyumbani 14,000. Simu nilizopiga kwa laini ya nyumbani hazifiki hata nusu ya hiyo.

Naomba kujua mambo mawili. Hela inaenda wapi? Na je, kukaa na laini mbili kunaokoa hela au kunapoteza?

#2 Kipanga77

Wizi mtupu huo. Hama mtandao.

#3 FundiSimu_Kkoo

Kipanga taratibu, mtu hajachunguzwa unamwandikia dawa.

Dada, mimi natengeneza simu Kariakoo, malalamiko haya nayapata kila wiki na mara nyingi mwizi yuko ndani ya simu yenyewe. Simu nyingi mpya za Android zina kitu cha kubadili data kiotomatiki kati ya laini mbili. Ukiwa unaongea kwa laini ya nyumbani, au mtandao wa laini ya wateja ukishuka, simu inahamia yenyewe kwenye data ya laini ya pili ili usikatike. Laini ya pili haina bando, kwa hiyo inakatwa salio kwa bei ya kawaida, na bei ya kawaida ya MB ni kali kuliko ya bando.

Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya mtandao na SIM, tafuta mahali pa kuzima huko kubadili data. Kisha nenda matumizi ya data. Simu inakuonyesha kila laini peke yake na kila programu imekula kiasi gani. Kama laini ya pili inasoma MB yoyote zaidi ya sifuri, umempata mtuhumiwa. Ukimaliza rudi hapa utuambie.

#4 Shemeji_Mkali

Laini ya pili ya "nyumbani"? Wengine tunajua laini ya pili kazi yake ni nini 😂

#5 MamaVitenge_Mwanza

Shemeji mume wangu anaijua nywila ya simu na ndiye aliyenisajilia hiyo laini. Tuendelee.

FundiSimu, nimeangalia sasa hivi. Laini ya pili inasoma MB 38 kwa mwezi huu. Juu kabisa ipo Google Play, chini yake WhatsApp. Nimezima. Asante sana kaka.

#6 FundiSimu_Kkoo

Ndiyo hiyo. Uzi ufungwe.

#7 Mwl_Kilosa

Usifungwe bado. Fundi, dada ameandika siku kwa siku, tumsome vizuri. Asiulize tu jumla ya MB, aguse ile grafu aone tarehe. Kama MB 38 zilitumika tarehe tofauti na siku ambazo salio lilishuka, basi jibu lako ni nusu tu.

Mimi kwangu mlaji alikuwa meseji. Nilikuwa natuma taarifa kwa wazazi wa wanafunzi, najua SMS moja ni herufi 160, nahesabu, naandika kwa ufupi, bado nakatwa SMS mbili au tatu. Kumbe herufi 160 ni kama umetumia zile herufi za kawaida tu. Ukiweka hata emoji moja, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wa herufi na nafasi inashuka hadi 70. Ukizidi hapo unagawanywa vipande, na kila kipande kinalipiwa kama SMS.

Na kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna mtego mwingine ambao sijaona mtu akiuzungumza. Andika neno "ng'ombe". Ile alama ya juu kama imenyooka, hakuna shida. Lakini baadhi ya kibodi zinaiweka iliyopinda, na alama iliyopinda haimo katika zile herufi za kawaida. Neno moja tu, "ng’oa", ujumbe wako wa herufi 150 unakuwa SMS tatu. Nilikuwa naandika "mtoto ameng’olewa jino" na "ng’ambo ya mto" nikishangaa salio. Sasa nimezima kibodi isinibadilishie alama.

#8 BodaTanga

Mwalimu hii ya ng'ombe ni mpya kabisa, ubarikiwe. Lakini dada amesema hakutuma meseji.

#9 Mwl_Kilosa

Yeye hakutuma. Simu je? Kuna programu zinazotuma SMS kimyakimya kuthibitisha namba, wewe huoni kitu kwenye kikasha. iPhone ikiwasha iMessage na FaceTime inatuma SMS ya namna hiyo, na inaweza kwenda namba ya nje ya nchi. Ukiwa na laini mbili inathibitisha zote mbili.

#10 MamaVitenge_Mwanza

Simu yangu ni Tecno, mwalimu. Ila nimeangalia grafu kama ulivyosema. Zile MB karibu zote ni za tarehe 3 na 4, nilipokuwa safarini na mtandao unakatikakatika. Jumapili ile hadi Alhamisi inasoma MB 2 tu. MB mbili haziwezi kumaliza 2,000.

#11 Kipanga77

Nilisema mimi. Wizi.

#12 Wakala_Buguruni

Nakaa kwenye kibanda kutwa, naona watu wanakuja na hasira hivihivi. Maswali yangu kwa mtoa mada kabla ya neno wizi:

Umewahi kukopa salio kwenye hiyo laini? Maana ukikopa, vocha ya kwanza ukiweka inaanza kulipa deni, na watu husahau. Watoto pia wanakopa, mtoto akishika simu anajua menyu kuliko wewe.

Umejiunga na huduma za kulipia? Mpira, mistari ya dini, muito wa wimbo mtu akikupigia. Inakuja meseji "bonyeza 1 upate ofa", unabonyeza ukidhani unafuta, kesho unakatwa mia, keshokutwa mia. Mwenye laini moja anaona haraka kwa sababu anaangalia salio kila siku. Mwenye laini mbili, ile ya pili anaisahau, inakamuliwa mwezi mzima.

Piga huduma kwa wateja waambie wakusomee huduma zote ulizojiunga na wazitoe zote. Usikubali wakuambie "tumetoa" bila kukutajia majina.

#13 MamaVitenge_Mwanza

Nimepiga asubuhi hii, nimesubiri dakika 11 nikiwa naning'inia. Huyo dada alikuwa muungwana. Ameniambia nilikuwa na huduma mbili, moja ya utabiri wa mechi na nyingine ya vichekesho. Utabiri wa mechi mimi? Sijui hata timu zinazocheza. Zimetolewa. Mkopo hakuna.

Kwa hiyo sasa nina watuhumiwa wawili, data na huduma. Nitaendelea kuandika wiki hii.

#14 Shemeji_Mkali

Utabiri wa mechi muulize mume 😂😂

#15 MzeeMinara

Habari zenu vijana. Nimefanya kazi ya minara miaka mingi, sasa nimestaafu. Ngoja nijibu lile swali la pili ambalo mmeliruka: laini mbili zinaokoa au zinapoteza?

Zamani zilikuwa zinaokoa, hakuna ubishi. Ukipiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, kampuni yako inailipa kampuni ya yule unayempigia kwa kila dakika. Gharama hiyo ya mwingiliano ilikuwa kubwa. Ndiyo maana kupiga ndani ya mtandao kulikuwa rahisi na kupiga nje kulikuwa ghali, na ndiyo maana mtu alitembea na laini tatu mfukoni: hii ya wakwe, hii ya kazini, hii ya mchumba. Simu za Kichina za laini mbili, hadi nne, zilipendwa kwa sababu hiyo.

Siku hizi ile gharama serikali imeifuta, vifurushi ni vya mitandao yote. Kwa hiyo laini ya pili imebaki mazoea.

#16 Nyota_ya_Kusini

Shikamoo mzee Minara. Kwa heshima kabisa nikusahihishe hapo mwisho. Haijafutwa, imeshushwa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipanga ngazi: 2017 ilikuwa shilingi 26.96 kwa dakika, 2018 ikashuka hadi 15.60, 2019 ikawa 10.40, 2020 ikawa 5.20, 2021 ikawa 2.60, na 2022 ikafika 2.00. Na hiyo ni hela kati ya kampuni na kampuni, siyo bei ya mteja. Mteja anaisikia kwa mbali, kwenye vifurushi vya mitandao yote.

#17 MzeeMinara

Marahaba. Umenisahihisha vizuri, nakubali. Imeshushwa. Hoja yangu inabaki palepale: sababu ile ya zamani imekufa.

#18 BodaTanga

Mzee sababu imekufa mjini. Mimi napakia abiria mpaka Pangani na vijiji vya ndani huko. Kuna kijiji mtandao mmoja unashika ukisimama chini ya mwembe tu, mwingine unashika popote. Ukirudi nyuma kilomita tano inageuka. Nikiwa na laini moja nakosa abiria. Laini ya pili kwangu ni mnara wa pili. Hiyo ndiyo sababu yangu na siyo mazoea.

Ila inakula betri balaa. Laini isiyoshika inatafuta mtandao muda wote, simu inakuwa ya moto mfukoni. Nikiingia sehemu najua laini fulani haishiki naizima kwenye mipangilio, nikitoka naiwasha.

#19 Wakala_Buguruni

Na mimi sababu yangu ni ya tatu, hela. Siku mtandao wa miamala umelala, mteja kasimama na mgonjwa hospitali, laini ya mtandao mwingine ndiyo inaokoa. Nani anakumbuka kukaa foleni ya kutoa hela halafu unaambiwa "mtandao hakuna, rudi kesho"?

#20 Mtaveta_254

Hamjambo majirani. Huku Kenya wengi ninaowajua wana laini mbili kwa mpango mmoja: Safaricom kwa sababu ya M-Pesa, Airtel kwa sababu ya bando. M-Pesa kwetu ilianza 2007 na kila mtu yuko humo, ukikosa ni kama huna mkono. Lakini data mtu anatafuta palipo nafuu. Kwa hiyo hatuangalii kupiga tena, tunatenganisha hela na intaneti.

Sasa nawaambia la mpakani, na dada wa vitenge kama anasafiri kufuata mzigo alisikie. Nakaa Taveta. Kuna upande wa shamba simu inashika mnara wa Holili, upande wa Tanzania, bila kuniuliza. Wakati ule nilikuwa nimewacha ruhusa ya data nje ya nchi ikiwa wazi kwenye laini ya pili, nikapoteza salio lote usiku mmoja nikiwa kitandani kwangu, nchini kwangu. Tangu hapo nimezima data ya nje kwenye laini zote mbili, na nikiwa kule shambani nachagua mtandao kwa mkono.

#21 MamaVitenge_Mwanza

Asante jirani. Mimi mzigo wangu nautoa Dar, ila nimeangalia, ilikuwa imezimwa.

#22 Bint_Muscat

Mie niko Oman mwaka wa sita. Simu yangu ina laini ya huku na laini ya nyumbani. Ya nyumbani siipigii hata kidogo, naiweka kwa ajili ya meseji za benki tu, ukitaka kuhamisha hela wanakutumia namba za siri. Meseji kuingia sijawahi kukatwa. Data yake nimeifunga kabisa.

Lakini ndugu zangu, msiiache laini kimya mkadhani iko salama. Dada yangu aliweka laini yake kwenye droo mwaka mzima. Aliporudi Unguja kaitia kwenye simu, haisomi. Namba imeuzwa tena, anayo kijana mmoja, na yule kijana akawa anapata meseji zake za benki. Alikuwa mtu mwema, alimpigia dada kwa namba nyingine akamwambia "mama, njoo uondoe namba yako benki, mie sitaki dhambi". Je angekuwa si mwema? Mie kila mwezi natia vocha kidogo na natuma meseji moja kwa mama. Hiyo ndiyo gharama ya laini ya pili, na naona ni rahisi.

#23 Nyota_ya_Kusini

Hii ya Bint Muscat isomwe na kila mtu. Na nyongeza: piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Unaweza kukuta laini ambayo huijui. Tangu usajili wa alama za vidole ulipofungwa mwisho wa 2019, laini yoyote yenye jina lako ni mzigo wako.

#24 Mwl_Kilosa

Sasa zamu yako kusahihishwa 😊 Mwisho uliopangwa ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Nakumbuka foleni ya NIDA ya vitambulisho vya taifa, nilisimama siku tatu.

#25 Kipanga77

Narudia, mbona mnazunguka. Tangu Machi 2017 ruhusa ya kuhama mtandao na namba yako ipo. Dada aende duka la mtandao anaoutaka, atume neno HAMA kwenda 15080, namba ya kwenye mifuko inabaki ileile. Laini zote mbili aziweke mtandao mmoja mzuri, basi.

#26 Wakala_Buguruni

Kipanga hapo una hoja, ila mwambie na upande wa pili. Salio halihami. Hela iliyo kwenye akaunti ya simu haihami, aitoe kwanza. Lipa Namba yake ya dukani ni ya mtandao ule, ataanza upya. Na laini zote mbili zikiwa mtandao mmoja, siku mtandao huo umelala amelala nao. Soma alichosema BodaTanga.

#27 MamaVitenge_Mwanza

Naleta taarifa ya wiki. Baada ya kuzima data na kuondoa zile huduma mbili:

Jumamosi niliweka 1,000.
Jumapili 1,000.
Jumatatu 1,000. Nikafurahi.
Jumanne 874.
Jumatano 874.
Alhamisi 748.

Sikupiga. Matumizi ya data laini ya pili sifuri kabisa. Ni 126 kila mara, shilingi ileile. Mwalimu, hii nini?

#28 Mwl_Kilosa

Kiasi kinachojirudia hakifanani na data. Data hukata vipande visivyolingana. Hii ni huduma au ni dakika ya simu.

#29 MzeeMinara

Binti, Jumanne na Alhamisi kulikuwa na mtu amekupigia laini ya nyumbani usimpate? Nauliza kwa sababu ya jambo moja. Piga *#62# na *#67# kwa laini hiyo, uone kama simu zako zinapelekwa kwingine ukiwa hupatikani au ukiwa unaongea. Mtu akiweka simu zake zihamishwe, yule anayempigia analipia mpaka kwake tu. Kipande cha kutoka kwake kwenda kule kunakohamishiwa analipa mwenye laini. Watu wa laini mbili wanapenda kuweka hivyo halafu wanasahau.

#30 MamaVitenge_Mwanza

Mzee! *#62# inaonyesha namba ambayo siijui. *#67# hakuna.

Na nakumbuka sasa. Mwaka jana kuna kijana wa duka la simu nilimweleza kwamba nikiwa naongea na mama, wateja wanasema sipatikani. Akabonyezabonyeza akaniambia tayari.

#31 FundiSimu_Kkoo

Hapo kijana alikuwa na nia nzuri. Tatizo alilolitaja dada ni la kweli na wengi hawalijui. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja. Zikiwa zimetulia zote mbili zinasubiri, lakini ukianza kuongea kwa moja, nyingine inatoka hewani. Mteja anapiga anaambiwa hupatikani. Dawa ni *62* ukifuatiwa na namba ya laini nyingine kisha #, unafanya hivyo pande zote mbili. Kufuta ni ##62#, au ##002# kufuta yote.

Sema dada hiyo namba usiyoijua isije ikawa ya kituo cha ujumbe wa sauti tu, mitandao mingine huiweka yenyewe. Siyo lazima iwe ya mtu. Usiogope.

#32 Wakala_Buguruni

Au aogope kidogo. Kuna matapeli wanampigia mtu wanamwambia "bonyeza *21* na namba hii upokee zawadi". Akibonyeza, simu zake zote zinaenda kwao. Tapeli akikupigia au kukutumia meseji, ripoti namba yake kwenda 15040.

#33 MzeeMinara

*21* ni ya kuhamisha zote. Hiyo ya binti ni ya 62, na kama ni kituo cha ujumbe wa sauti sidhani anakatwa kwa hilo. Lakini 126 mara mbili ni kiasi cha simu fupi. Nabaki na hoja yangu.

#34 Mwl_Kilosa

Na mimi nabaki na yangu, kuna huduma ya tatu ambayo hawakuitoa.

#35 Nyota_ya_Kusini

Kuna kanuni za vifurushi zilizokuja Aprili 2021, kampuni inatakiwa ikuambie ukifika asilimia 75 na 100 ya bando, na isikukate nje ya bando bila ridhaa yako. Dada angeweza kulalamika kwa msingi huo.

#36 FundiSimu_Kkoo

Hiyo ni ya mwenye bando. Laini yake ya pili haikuwa na bando tangu mwanzo, hakuna asilimia 75 ya kitu ambacho hakipo.

#37 BodaTanga

Mimi nashangaa hakuna aliyesema jambo rahisi. Mama, toa hiyo laini weka kwenye kitochi. Kitochi hakina intaneti, hakina programu, hakina cha kujisasisha. Salio likishuka humo, kosa liko kwa mtandao. Lisiposhuka, kosa liko kwenye simu yako.

#38 Mwl_Kilosa

BodaTanga umetufunga goli. Ila afute kwanza ule uhamisho wa simu kwa ##002#, maana huo unakaa kwa mtandao, utamfuata hata kwenye kitochi.

#39 FundiSimu_Kkoo

Mwalimu, akifuta sasa tutajuaje kama ndio uliokuwa unakata? Aache kwanza siku nne, halafu afute, aangalie siku nne nyingine.

#40 Mtaveta_254

Fundi ako sawa. Kitu kimoja kwa wakati.

#41 Dogo_Makambako

Samahani naingilia. Simu yangu ina laini mbili, nikiweka memori kadi laini ya pili haisomi. Ni mbovu?

#42 FundiSimu_Kkoo

Siyo mbovu. Trei yako tundu la pili ni la kuchangia, ama laini ama memori kadi. Wapo wanaokata plastiki ya laini na kuibandika juu ya kadi kwa gundi, usifanye, nimeshatoa trei nyingi zilizokwama hivyo. Simu yako kama inakubali eSIM, yaani laini iliyo ndani ya simu bila kadi ya plastiki, hamishia laini moja huko, tundu libaki la memori kadi.

#43 Kipanga77

WhatsApp mbili je? Nina namba mbili ila nilikuwa natumia ile WhatsApp ya pembeni nikafungiwa.

#44 Nyota_ya_Kusini

Hiyo ya pembeni achana nayo. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp yenyewe kwenye Android inaruhusu akaunti mbili, ingia kwenye mipangilio yake uongeze akaunti. Au WhatsApp Business kwa namba ya biashara. Na ujue WhatsApp haijali data inatoka laini gani. Namba inatumika kuthibitisha tu, kwa hiyo bando moja linatosha namba zote mbili.

#45 Bint_Muscat

Na namba ikiuzwa tena, aliyeinunua anaweza kuithibitisha WhatsApp yako akaichukua. Narudia tu.

#46 MamaVitenge_Mwanza

Ndugu zangu nimerudi. Nimeazima kitochi cha mume wangu, laini iko humo tangu Ijumaa, kinalala dirishani jikoni ili kishike vizuri. Uhamisho sijaufuta, nimemfuata fundi.

Ijumaa niliweka 1,000.
Jumamosi 1,000.
Jumapili 1,000.
Jumatatu 874.

126 ileile.

Jumapili usiku mdogo wangu alipiga akakuta kitochi kimezima chaji, hakunipata. Kwa hiyo mzee Minara ana haki ya kutabasamu. Lakini Jumatatu saa tatu asubuhi imeingia meseji ya ofa, na mwalimu naye ataniambia huduma ya tatu imekata. Vyote viwili vimetokea kabla sijaangalia salio.

Kesho nafuta uhamisho.

#47 MzeeMinara

Angalia salio asubuhi na jioni, binti, siyo mara moja kwa siku. Na hicho kitochi kisizime chaji.

#48 Mwl_Kilosa

Na ile meseji ya ofa usiifute. Tuandikie namba iliyoituma inaanzaje.

#49 Shemeji_Mkali

Mume anatumia simu gani sasa?